Kutabiri Vizimba vya Metali na Kaboni kwa Kompyuta: Mwongozo Kamili

Mwaka 1992, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, kundi la A. Welford Castleman lilikuwa likivukiza titani kwa leza ndani ya gesi yenye hidrokaboni. Kwenye spektromita ya masi kilele kimoja kilisimama juu ya vingine kama mnazi katikati ya migomba: masi 528, yaani atomi 8 za titani na 12 za kaboni, Ti8C12. Wakapendekeza kwamba ni kizimba chenye nyuso 12 za pembetano, kila titani ikikaa sawasawa na mwenzake. Umbo hilo lilipendeza macho. Lakini wanakemia wa hesabu walipolichunguza kwa kompyuta waliona kwamba lipo umbo jingine lenye nishati ndogo zaidi, na kwamba lile la kwanza linaweza kuteremka hadi huko bila kukutana na kizuizi chochote njiani.

Naanza na kisa hiki kwa sababu ndicho kiini cha kazi yote. Kutabiri uthabiti ni kuendesha mashindano. Huwezi kusema molekuli ni thabiti mpaka umeileta mbele ya wapinzani wake na ikawashinda. Wanafunzi wengi hujenga umbo moja, wakalipeleka kwenye programu, programu ikamaliza bila kulalamika, wakaandika ripoti. Hapo mashindano hayajaanza.

Mfano wetu mkuu utakuwa Sc3N@C80: atomi tatu za skandi na moja ya nitrojeni zikiwa ndani ya kizimba cha kaboni 80. Alama @ husomwa "ndani ya". Molekuli hii iliripotiwa mwaka 1999 na kundi la Harry Dorn wa Virginia Tech, kwa hiyo majibu yake yanajulikana na utaweza kujisahihisha. Jifunze kwa molekuli yenye jibu kabla ya kwenda kwenye isiyo nalo.

Vifaa

Kompyuta mpakato yenye Linux na kumbukumbu ya GB 16 inatosha kwa sehemu kubwa ya mwongozo huu. Utahitaji programu ya xtb, iliyotoka kwa kundi la Stefan Grimme huko Bonn, ambayo ni huria. ORCA, ya Frank Neese na wenzake wa Mülheim, isiyo na malipo kwa wanataaluma wakijisajili. Na Avogadro au Jmol kwa kutazama maumbo. Kwa kuzalisha vizimba vya kaboni zipo CaGe, buckygen na programu inayoitwa Fullerene. Buckygen hukupa michoro ya nani kaungana na nani tu, ilhali CaGe na Fullerene hukupa pia viwianishi vya pande tatu ambavyo xtb inavihitaji.

Jambo la umeme lisipuuzwe. Hesabu ya ORCA inaweza kuchukua siku nzima, na umeme ukikatika saa ya ishirini utaumia moyo. Tenganisha kazi katika vipande, hifadhi nakala ya faili la .gbw, ambamo ORCA huweka hali ya elektroni iliyokwisha kuhesabiwa, kila hatua inapokamilika, na ukianza upya liite kwa amri ya MORead ili usirudi mwanzo.

Hatua ya kwanza: hesabu elektroni kwa kalamu

Kabla ya kugusa kibodi, chukua karatasi. Metali iliyo ndani ya kizimba haikai bure kama mgeni aliyekaribishwa sebuleni. Hutoa elektroni kwa kaboni. Skandi hutoa tatu. Tatu mara tatu ni tisa. Nitrojeni huchukua tatu. Zinabaki sita, na hizo huenda kwenye kizimba. Kwa hiyo molekuli tunaifikiria kama (Sc3N)6+ ndani ya (C80)6−. Huu ni mfano wa kiioni. Kiuhalisia metali na kaboni hushirikiana elektroni kwa kiasi fulani, kwa hiyo chaji halisi ni ndogo kuliko hizi. Hata hivyo, kwa kuchagua kizimba, mfano huu umethibitika kuwa na nguvu za ajabu.

Fanya hivyo kwa kila metali unayoitaka. Lanthani peke yake, kama katika La@C82, hutoa tatu, na kwa kuwa tatu ni witiri, elektroni moja hubaki bila mwenza juu ya kizimba. Kalsi hutoa mbili. Gadolini hutoa tatu lakini hubaki na elektroni saba za f zisizo na wenza, kwa hiyo Gd3N@C80 ina elektroni 21 za namna hiyo, na suala la spini linakuwa zito. Anayeanza na gadolini anajitafutia taabu. Anza na skandi, ambayo ikishatoa tatu zake haibaki na kitu.

Jumlisha pia elektroni zote ili uhakikishe. Skandi 3 × 21 ni 63, nitrojeni 7, kaboni 80 × 6 ni 480. Jumla 550, shufwa. Chaji sifuri, wingi wa spini 1, maana yake elektroni zote zina wenza.

Hatua ya pili: orodhesha wapinzani

Kizimba cha kaboni ambacho kila atomi ina majirani watatu, na nyuso zake ni pembetano na pembesita tu, lazima kiwe na pembetano 12 kamili. Hii inatokana na kanuni ya Euler na haina msamaha. Pembesita ni nusu ya idadi ya atomi ukitoa 10. C60 ina pembesita 20, sawa na mpira wa miguu wa zamani wa mabaka meusi na meupe. C80 ina 30.

Kinachobadilika ni mpangilio, na hapo idadi inakimbia. C28 ina isoma 2 tu, yaani mipangilio tofauti ya atomi zilezile. C60 ina 1,812. C80 ina 31,924. Kuzipima zote kwa hesabu nzito haiwezekani, kwa hiyo tunahitaji chekecheo.

La kwanza ni kanuni ya pembetano zilizotengana: pembetano mbili zikigusana ubavu kwa ubavu, kaboni hupindwa kupita kiasi na nishati hupanda. Ukikubali kanuni hii, C60 inabaki na isoma 1 na C80 inabaki na 7. Saba! Kazi imekuwa nyepesi.

Nakusihi usiifanye kuwa sheria ya dini. Mwaka 2000 iliripotiwa Sc3N@C68, na hakuna isoma hata moja ya C68, kati ya 6,332, inayotii kanuni hiyo. Kizimba chake kina jozi tatu za pembetano zinazogusana, na ukitazama ndani utaona kila skandi imekaa chini ya jozi moja. Pembetano zinazogusana hukusanya chaji hasi, na metali yenye chaji chanya huivuta na kuituliza. Kile kilichokuwa udhaifu kwa kizimba kitupu kikawa makao ya metali. Vilevile Tb3N@C84, iliyochapishwa mwaka 2006, ina umbo la yai na jozi moja ya pembetano zinazogusana, ilhali zilikuwepo isoma 24 za C84 zinazotii kanuni. Mtu aliyetafuta ndani ya zile 24 tu asingeipata kamwe.

Kwa hiyo, kwa C80 chukua zile 7, kisha ongeza isoma zenye jozi moja na mbili za pembetano zinazogusana. Kwa saizi ambazo hazina isoma tiifu, kama C62 hadi C68, ruhusu jozi tatu hata zaidi, na uziangalie kwa makini zile ambazo idadi ya jozi inalingana na idadi ya metali zako.

Hatua ya tatu: chekecha vizimba vikiwa na chaji

Hapa ndipo wengi hukosea. Wanapanga vizimba kwa nishati vikiwa vitupu na bila chaji, wanamchagua mshindi, kisha wanamwingiza metali. Kwa C80 njia hiyo inakupeleka pabaya kabisa. Kati ya zile isoma saba, ile ya duara kamilifu, yenye ulinganifu wa Ih (Ih, D5h, Th na Td ni majina ya aina za ulinganifu), ndiyo dhaifu kuliko zote ikiwa tupu. Sababu inaonekana kwenye ngazi zake za elektroni: ngazi ya juu ina vyumba vinne vya nishati ileile, vyenye nafasi nane, lakini elektroni zilizomo ni mbili. Mpe sita, zote nane zinajaa, na kizimba kilichokuwa cha mwisho kinakuwa cha kwanza. Sita ndizo alizokuja nazo Sc3N.

Basi hesabu kila kizimba kikiwa na chaji ya −6:

xtb c80_07.xyz --gfn 2 --opt tight --chrg -6

Kila hesabu huchukua muda mfupi. Andika nishati zote kwenye jedwali, toa ile ndogo kabisa kutoka kwa kila moja, upange. Usiamini nishati yenyewe, maana kizimba chenye elektroni sita za ziada kikiwa peke yake hewani hakiwezi kuzishikilia kihalisia. Amini mpangilio tu, na hata huo kwa kiasi. Kaa na wote walio ndani ya kilojuli 100 kwa moli kutoka kwa mshindi. Ukibana sana unaweza kumtupa bingwa.

Kipo kipimo kingine cha kusaidia, kilichopendekezwa na kundi la Josep Maria Poblet wa Tarragona. Elektroni sita zitajaza vyumba vitatu vya kwanza vilivyo vitupu. Pima basi pengo kati ya chumba kitupu cha tatu na cha nne: likiwa kubwa, kizimba kitazipokea sita na kutulia, likiwa dogo, kitabaki na njaa ya elektroni na kushambuliwa na kila kinachopita.

Hatua ya nne: ingiza metali, na usiiweke mara moja tu

Sc3N ni bapa: nitrojeni katikati, skandi tatu pembeni, kila moja yapata ångström 2 kutoka kwa nitrojeni (ångström moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita). Kizimba cha Ih-C80 kina nusu kipenyo cha zaidi kidogo ya ångström 4, kwa hiyo kutoka skandi hadi kaboni inabaki kama ångström 2.2, umbali ambao skandi inaupenda. Fanya hesabu hii ndogo kwa kila pendekezo. Metali kubwa kama gadolini hubanwa ndani ya C80, na nitrojeni husukumwa juu hadi kikundi kinakuwa piramidi, ilhali skandi hulala bapa bila shida.

Sasa, weka kikundi katikati ya kila kizimba kilichofuzu na ukizungushe. Tengeneza mielekeo 20 au 30 ya kubahatisha kwa kila kizimba, kila mmoja kwenye faili lake, kisha uiteremshe yote kwa xtb, safari hii chaji ikiwa sifuri. Mingi itaishia mahali pamoja. Michache itakwama kwenye mabonde madogo ya pembeni, na laiti ungeanza na huo mmoja tu, usingejua.

Kama metali ni sehemu ya ukuta wa kizimba chenyewe, utafutaji ni mgumu zaidi, na hapa narudi kwenye Ti8C12, kwa sababu ndilo zoezi bora ninalolijua. Unaweza kuijenga kwa mkono. Weka titani nane kwenye kona za mchemraba, (±1.5, ±1.5, ±1.5), kwa ångström. Juu ya kila uso wa mchemraba weka jozi ya kaboni, kimo cha 2.5 kutoka katikati, kila kaboni 0.7 kutoka kitovu cha uso. Ukizilaza jozi sambamba na kingo za mchemraba, na jozi za nyuso zinazopakana zikielekea pande zilizo wima kwa wenzao, unapata lile umbo la pembetano 12, lenye ulinganifu wa Th. Sasa gawa titani katika makundi mawili ya nne nne, kwa kupokezana kona, kisha zungusha kila jozi ya kaboni digrii 45 ili ilale kwenye mshazari unaounganisha titani mbili za kundi la kwanza. Hilo ni umbo la Td. Likiteremshwa, nne huingia ndani na nne hutoka nje, na nishati inashuka sana chini ya ile ya Th.

Halafu jaribu kuzungusha jozi baadhi tu. Zungusha moja, mbili, tatu. Kila moja ni mpinzani halali. Na usiishie kwenye ulinganifu mkubwa: elektroni zisipojaza kikamilifu vyumba vya nishati sawa, molekuli hujipinda kidogo ili kuvitenganisha, jambo linaloitwa athari ya Jahn-Teller. Sogeza kila atomi kidogo kwa kubahatisha, kama ångström 0.1, kabla ya kuanza. Programu ikipewa umbo lenye ulinganifu kamili inaweza kubaki nalo hadi mwisho hata kama liko juu ya tandiko la mlima, kwa sababu nguvu za pande zote zinafutana.

Hatua ya tano: hesabu nzito

Wapinzani watano au sita bora wa kila fomula wanapanda hadi nadharia ya msongamano wa elektroni. Faili la ORCA la kuanzia ni fupi:

! PBE D3BJ def2-SVP Opt
%pal nprocs 8 end
* xyzfile 0 1 sc3n_c80_ih.xyz

PBE ni mbinu ya kukadiria nishati ya elektroni, def2-SVP ni seti ya fomula za kuzichora elektroni. Namba 0 ni chaji, 1 ni wingi wa spini. D3BJ huongeza mvutano wa mbali kati ya atomi, ambao ndani ya kizimba kilichojaa una uzito, usiuache. Umbo likishatulia, hesabu nishati yake kwa mbinu bora zaidi, mfano PBE0 na def2-TZVP, bila kulisogeza tena. Kisha rudia wapinzani wawili wa juu kwa mbinu ya aina nyingine, kama TPSS. Mshindi akibadilika kwa kubadili mbinu, huna mshindi bado, na uandike hivyo waziwazi.

Kwa metali za mpito zenye elektroni zisizo na wenza, kama Ti8C12, jaribu wingi wa spini 1, 3 na 5, na uchunguze kama jibu lenyewe ni thabiti kwa kuanzisha elektroni za spini ya juu na za spini ya chini zikiwa na mipangilio tofauti. Nishati inaweza kushuka ghafla, na hapo unajua kwamba ulikuwa umesimama kwenye jibu bandia.

Hatua ya sita: je, ni bonde au ni tandiko?

Endesha hesabu ya masafa ya mtetemo kwa neno Freq. Masafa yote yakiwa chanya, upo bondeni. Likitokea moja hasi, na ORCA huyaandika kwa alama ya kutoa, basi upo kwenye tandiko kati ya mabonde mawili. Fungua mtetemo huo kwenye Avogadro, tazama atomi zinakoelekea, zisukume upande huo, uteremshe tena. Umbo lenye masafa hasi usilitangaze kamwe.

Kwa vizimba vyenye kikundi kinachozunguka ndani, masafa hasi madogo sana hutokea kwa sababu mzunguko wenyewe karibu hauna kizuizi. Hapo kaza vigezo na uteremshe tena kabla ya kuhukumu.

Hatua ya saba: joto

Vizimba hivi huzaliwa ndani ya tao la umeme kati ya fito za grafiti, kwenye joto la maelfu ya digrii. Nishati ya sifuri kelvini haitoshi kukuambia nani atapatikana kwenye masizi.

Chukua isoma mbili zinazotofautiana kwa kilojuli 10 kwa moli. Kwenye kelvini 298, RT, yaani kigezo cha gesi mara joto, ni kilojuli 2.48 kwa moli, na ile dhaifu inapatikana kwa uwiano wa takriban 0.018 kwa 1, haionekani. Kwenye kelvini 2,000, RT ni 16.6, na uwiano unapanda hadi 0.55 kwa 1. Na hiyo ni kabla ya entropia. Isoma yenye mitetemo laini zaidi, au ambayo metali yake inazunguka huru zaidi, inaweza kumpita mshindi wa nishati joto linapopanda. Chora basi nishati huru ya Gibbs ya kila mpinzani kutoka kelvini 300 hadi 3,000 uone mistari inapokatana. Masafa yaliyo chini ya 100 kwa sentimita uyatilie shaka: kanuni ya kawaida ya mtetemo huyapa entropia isiyo halisi, kwa hiyo fanya hesabu mara mbili, pamoja nayo na bila ya yale matatu madogo kabisa, uripoti zote.

Kwa Sc3N@C80, mshindi wako anapaswa kuwa Ih, na D5h, nyingine kati ya zile isoma saba, akimfuata. Zote mbili zimetengwa maabara, Ih ikiwa ndiyo nyingi.

Hatua ya nane: mpe mtu wa maabara kitu cha kupima

Utabiri usiopimika haumsaidii anayeshika chupa za vimumunyisho. Kwa kila mshindi na kila aliyemkaribia, andika alama ambayo kifaa kitaiona. Inayofaa zaidi kwa vizimba ni mwangwi wa sumaku (NMR) wa kaboni 13, kwa sababu idadi ya mistari hutoka kwenye ulinganifu peke yake.

Katika Ih-C80, pembetano 12 zisizogusana zina kaboni 12 × 5, yaani 60, zote sawa. Zinabaki 20 ambazo kila moja imezungukwa na pembesita tatu. Kikundi cha Sc3N kingekuwa kimekwama mahali pamoja, kingevunja usawa huo na mistari ingekuwa mingi. Kikizunguka kwa kasi, kaboni haziwezi kutofautishwa, na itatokea mistari miwili kwa uwiano wa 3 kwa 1. D5h, hata kikundi kikizunguka huru, ina aina sita za kaboni: mbili zenye atomi 20 kila moja na nne zenye 10. Kwa hiyo ripoti yako imwambie mpimaji: ukiona mistari miwili ni Ih, ukiona sita ni D5h. Mwaka 1999 walihesabu miwili.